Milango inayofungwa na mwanga

Nyumba ya bibi mzaa mama, kijijini upande wa Chamwino, mkoani Dodoma, ilikuwa tembe: kuta za udongo, paa bapa la udongo uliolazwa juu ya miti, na mlango mfupi wa kuinamia. Ukiingia saa saba mchana ukitokea juani, huoni kitu. Macho yamefanya kiwi. Bibi, aliyekuwa humo tangu asubuhi, ananiona vizuri kabisa na ananionya, "Simama hapo hapo mjukuu wangu, utakanyaga mtungi." Nasimama. Mdomo wa mtungi unaanza kujitokeza, halafu kata iliyolazwa juu yake, halafu miguu ya bibi, na mwisho uso wake. Utotoni niliamini kuwa mwanga wa nje ulikuwa ukinifuata ndani polepole. Kumbe mwanga wa mle haukuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni kemia ya macho yangu, na bibi alikuwa amenitangulia kwa saa kadhaa.

Kemia hiyo ndiyo nataka kuizungumzia, kwa sababu naamini tumeipuuza, na wanaoumia kwa kupuuza kwetu ni watoto. Katika fizikia ya sekondari jicho hufundishwa bega kwa bega na kamera. Lenzi kwa lenzi, mboni kwa tundu, na retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, kwa filamu. Taswira inapinduka, mtihani unakuja, tunasonga mbele. Mfano huo unafaa mpaka pale mwanga unapogusa retina. Hapo somo linaishia, na hapo hasa ndipo kuona kunapoanza. Retina ni nyama hai. Inakula, inachoka, na inaweza kuishiwa. Asiyefundishwa hivyo, siku mtoto wake akianza kujikwaa jioni, atatafuta kasoro kwenye lenzi au uchafu juu ya jicho, na asipoiona atasema mtoto ni mzembe.

Nyuma ya jicho zimepangwa aina mbili kuu za seli zinazopokea mwanga. Seli fimbo, makumi ya milioni katika kila jicho, hutuwezesha kuona katika mwanga hafifu, bila rangi. Seli koni, milioni chache tu, hushughulika na mchana na rangi. Nitakaa zaidi na fimbo, maana ndizo zilizokuwa zikinisumbua mlangoni kwa bibi.

Ajabu ya fimbo ni kwamba giza ndilo linaloifanya ihangaike. Katika utando wake kuna milango midogo ya protini, milango ya ayoni, inayopitisha sodiamu na kalsiamu zenye chaji kutoka nje kwenda ndani. Gizani, sehemu ya milango hiyo iko wazi. Chaji inaingia mfululizo, na mwisho wa pili wa seli unamwaga kemikali iitwayo glutamati kwa seli inayofuata, bila kupumzika, usiku kucha. Mwanga ukifika, milango inafungwa na glutamati inapungua. Kwa maneno mengine, habari kwamba kuna mwanga hutumwa kwa kunyamaza.

Mtu wa kijijini ataelewa hili upesi. Mashine ya kusaga ikinguruma tangu asubuhi, hakuna anayeisikia tena. Wanawake wamekaa kwenye foleni na ndoo zao za uwele, wanaongea mambo yao, watoto wanacheza kwenye vumbi la pumba. Ghafla mashine inakatika. Vichwa vyote vinainuka kwa pamoja. Hakuna aliyeita, ila ukimya umewaita wote. Ubongo wetu hupata habari za mwanga kutoka kwenye fimbo kwa namna hiyo hiyo.

Sasa, ni nani anayeishikilia milango iwe wazi? Kuna molekuli ndogo ndani ya seli, guanosini monofosfeti ya duara, ambayo dunia nzima huiandika kwa kifupi cGMP. Fikiria kabari. Mlango unaotaka kujifunga wenyewe huwekewa kabari, nao unabaki wazi. Kila mlango wa ayoni una sehemu nne za kupokea kabari hizo, na ili ufunguke sawasawa unahitaji zaidi ya moja. Kwa hiyo cGMP ikipungua kidogo tu, milango mingi inafungwa kwa mkupuo. Hapo ndipo jicho linapopata wepesi wake.

Na mwanga huziondoaje kabari? Ndani ya fimbo kuna protini iitwayo rodopsini, nayo imebeba kipande kidogo kilichotengenezwa kutokana na vitamini A, kiitwacho retinali. Kipande hicho kimekunjwa. Chembe moja ya mwanga ikikigonga, kinanyooka. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mwanga huifanya ndani ya fimbo. Yote yanayofuata ni kemia tupu. Rodopsini iliyoamshwa inaziamsha protini nyingine, transdusini, moja baada ya nyingine. Transdusini zinakiamsha kimeng'enya kiitwacho fosfodiesterasi. Kimeng'enya hicho kinaikata cGMP, na kinafanya hivyo kwa kasi kubwa, maelfu ya molekuli kwa muda mfupi. Kabari zinaisha, milango inajifunga. Sodiamu inazuiwa nje huku potasiamu ikiendelea kutoka, na umeme wa ndani ya seli unashuka kutoka kama milivolti 40 chini ya sifuri hadi kama 70 chini ya sifuri. Mashine imenyamaza.

Ukuzaji huo wa ishara ndio unaolifanya jicho la binadamu lihisi mwanga mdogo kuliko tunavyoweza kufikiri. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne, huko New York, walionesha kuwa mtu aliyekaa gizani hutambua mmweko hata pale seli fimbo zinapokuwa zimefyonza chembe za mwanga zisizofika 15. Mwaka 1979 Baylor, Lamb na Yau walifyonza ncha ya seli fimbo ya chura ndani ya kioo chembamba, wakapima umeme wake, na wakaona mtikisiko wa chembe moja ya mwanga: kama pikoampia moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya ampia. Kila nikifikiria nyota za usiku wa kiangazi juu ya Dodoma, pale umeme unapokatika mtaani na anga lote linafunguka, nakumbuka kipimo hicho. Nyota hafifu kabisa unayoiona inakufikia kwa chembe chache, na kemia ndiyo inayozipa sauti.

Kuna kisa katika historia ya jambo hili ambacho ningependa walimu wetu wa baiolojia wakisimulie. Katika miaka ya 1970 wataalamu walijua kuwa mwanga unafunga milango, ila walibishana kuhusu mjumbe anayepeleka agizo kutoka kwenye rodopsini hadi kwenye utando. Kundi moja lilisema ni kalsiamu: mwanga huimwaga ndani ya seli, nayo huziba milango. Kundi la pili lilisema ni cGMP. Ubishi uliendelea zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1985, katika mji wa Pushchino uliokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, Fesenko, Kolesnikov na Lyubarsky walibandua kipande kidogo cha utando wa fimbo ya chura, wakakipaka cGMP moja kwa moja, na milango ikafunguka. Hakukuhitajika kimeng'enya cha kati wala dalali wa aina yoyote. Wengi walikuwa wametarajia lazima awepo.

Kinachonigusa mimi ni yaliyoipata kalsiamu. Ilishindwa katika ubishi ule, halafu ikaonekana kuwa ina kazi nyingine ambayo bila hiyo tungekuwa vipofu nusu ya siku. Kumbuka kwamba kalsiamu huingia kupitia milango ile ile. Milango ikifungwa haiingii tena, lakini pampu yake inaendelea kuitoa nje, kwa hiyo kiwango chake ndani ya seli kinashuka. Kushuka huko ni ishara. Kunaamsha kimeng'enya kinachotengeneza cGMP mpya. Kunaharakisha kuzimwa kwa rodopsini iliyoamshwa. Kunaifanya milango yenyewe iwe tayari kushikwa na kabari chache kuliko mwanzo. Milango inaanza kufunguka tena hata mwanga ukiwa bado upo, na seli inapata nafasi ya kuupima mwanga mwingine utakaoongezeka. Kufungwa kwa mlango ndiko kunakoamuru ufunguliwe. Koni, ambazo ndizo za mchana, nazo zina milango na marekebisho ya namna hii; bila hayo, jua la saa sita la Dodoma lingefunga milango yake yote na kutuacha tukikodoa macho kwenye weupe mtupu.

Marekebisho hayo ya kalsiamu ni ya haraka. Mboni nayo hutanuka upesi. Kinachochelewa ni kurudishiwa retinali. Ile iliyonyooshwa na mwanga haijikunji yenyewe ndani ya fimbo. Inachukuliwa na tabaka la seli jirani lenye rangi nyeusi, inakunjwa upya huko, na kurudishwa. Baada ya mwanga mkali, kazi hiyo huchukua kama nusu saa au zaidi mpaka fimbo zipate tena nguvu zake zote. Koni hurudi mapema, ndani ya dakika kama kumi. Kwa bibi, mtungi nilioanza kuuona ulitokana na hatua za kwanza tu za safari hiyo. Alichokuwa akikiona yeye kwenye pembe za nyumba, mimi sikukifikia hata siku moja, maana nilikuwa natoka kucheza kabla.

Hapa kwetu, karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua halina ukawaida wa kuagana kwa muda mrefu. Likishazama, giza linatanda ndani ya muda mfupi, huku fimbo za mtu aliyeshinda juani bado hazijajiandaa. Ni saa hiyo hiyo bodaboda wanapokimbiza abiria wa mwisho, na malori ya barabara ya Singida yanawasha taa zote. Taa moja kali ya lori inatosha kumfanyia dereva kiwi na kumrudisha nyuma dakika kadhaa za maandalizi. Ningetamani somo la udereva liwe na nusu ukurasa kuhusu rodopsini.

Narudi kwa watoto.

Mtoto wa dada yangu, akiwa na miaka mitatu na nusu, aliugua surua. Alipona, lakini baada ya wiki kadhaa akabadilika. Mchana alikimbia kama wenzake. Magharibi ikifika, alikaa kando ya ukuta na kutulia. Akiitwa kula, alikuwa akinyoosha mkono na kupapasa sinia pembeni, akaigusa mboga kwanza, kisha akautafuta ugali. Dada alisema mtoto amekuwa mvivu wa jioni. Akampeleka kwenye duka la dawa, akauziwa dawa ya matone ya macho. Haikusaidia, akarudi, akauziwa nyingine. Mama yangu ndiye aliyekaa naye jioni moja, akaweka kandambili za mtoto hatua mbili mbele yake na kumwambia avae. Mtoto akapapasa hewa. Mama akasema, "Huyu hana uvivu. Huyu haoni."

Ukiujua mlango wa ayoni, utajua pia kwa nini matone yale hayangefaa kitu. Vitamini A ilikuwa imeisha. Surua huimaliza upesi, hasa kwa mtoto aliyekuwa nayo kidogo tangu mwanzo. Bila vitamini A hakuna retinali, na bila retinali rodopsini haiwezi kuunasa mwanga. Milango ya mtoto yule ilikuwa mizima. cGMP yake ilikuwepo. Kabari zote zilikuwa mahali pake, milango wazi, mashine ikinguruma usiku kucha, na hapakuwa na chochote cha kuinyamazisha. Mchana aliona kwa sababu mwanga ni mwingi. Jioni alibaki na ngurumo. Zahanati walimpa kidonge cha vitamini A, na kesho yake kingine. Siku ya tatu, magharibi, alizifuata kandambili mwenyewe.

Kanda ya Kati imefanya kazi kubwa juu ya macho, na ni haki kuitaja. Kongwa iko katika maandishi ya tiba duniani kwa sababu ya utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Jaribio la kuhamasisha kaya kunawisha watoto nyuso, lililochapishwa mwaka 1995, lilifanyika huko, na lilionesha kuwa vikope vikali vilipungua. Hospitali ya Mvumi imetibu macho ya watu wa mkoa huu kwa miongo mingi. Nasema hayo kwa shukrani. Hata hivyo mafanikio yale yametuachia mazoea: tukisikia ugonjwa wa macho, tunawaza inzi, maji na matongotongo. Tunaliangalia jicho kwa nje. Mtoto mwenye jicho jeupe, safi, lisilo na uchafu, asiyeona jioni, anapita katikati ya vidole vyetu.

Serikali hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Ni jambo jema. Lakini mama wengi hupeleka watoto kwa sababu wameitwa, na hawajaambiwa matone yale yanakwenda kufanya nini. Laiti wangeelezwa kuwa humo mna kile kipande kinachokamata mwanga, naamini wangeihesabu miezi wenyewe. Na wangeelewa kwa nini mchicha, mlenda na viazi lishe vinahitaji mafuta kidogo ndipo mwili uvipokee vizuri. Hilo nalo tunalo: tunaishi katikati ya mashamba ya alizeti na karanga, halafu tunachemsha mboga ya mtoto kwa maji na chumvi.

Kuna watoto ambao vitamini haitawasaidia, na hao ndio wanaoteseka zaidi kwa ukimya wetu. Wengine wamezaliwa na kasoro kwenye jeni za kimeng'enya kile kinachokata cGMP. Kabari zinalundikana, milango mingi mno inabaki wazi, kalsiamu inafurika, na fimbo inakufa taratibu. Huanza kwa kutoona usiku, kisha uwanja wa kuona unabanwa kutoka pembeni mpaka mtu anabaki kama anachungulia kwenye bomba. Inashangaza kwamba kemikali ile ile isiyoweza kukosekana huchangia kuua seli ikizidi. Wengine wana kasoro kwenye milango ya koni yenyewe. Hao kinyume chake huumizwa na mchana: wanafumba macho juani, hawatofautishi rangi, na jioni ndipo wanapochangamka. Kwenye kisiwa cha Pingelap, katika Bahari ya Pasifiki, kimbunga cha miaka ya 1770 kiliacha watu wachache sana hai, kasoro hiyo ikaenea kwa wazao wao, na leo kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 wa huko wana hali hiyo. Miwani yenye kioo cheusi chekundu huwapa nafuu kubwa. Mtoto wa namna hiyo katika darasa la Dodoma, lenye madirisha yanayotazama uwanja mweupe wa vumbi, ataitwa mjinga kwa sababu hasomi ubao saa nne asubuhi.

Niseme na jambo moja kwa wanaume wenzangu. Vidonge vya nguvu za kiume vyenye sildenafili, vinavyonunuliwa mjini bila cheti wala maswali, hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya ambacho ni ndugu wa kile cha retina, na kwa kiasi kidogo huzuia hata hicho cha retina. Ndiyo maana baadhi ya watumiaji huona rangi ya bluu imetanda juu ya vitu, au mwanga unawaumiza, kwa saa kadhaa. Kwa wengi hali hiyo hupita. Mwenye ukoo wa watu wanaopoteza kuona usiku hapaswi kuvimeza kabla ya kuzungumza na daktari.

Ninachoomba ni swali moja liongezwe kliniki, baada ya uzito na chanjo: jioni anaona? Mama atajibu papo hapo, maana yeye ndiye anayekaa naye saa hiyo. Akisema anapapasa, mhudumu atazame weupe wa jicho kama una mabaka yenye povu, aulize kuhusu surua na kuhara, na ampe vitamini A kwa kipimo chake. Isinunuliwe kiholela, maana ikizidi ni sumu, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ikiwa upungufu ndio sababu, ndani ya siku chache mtoto ataanza kuzifuata kandambili. Asipobadilika, hapo shida iko ndani zaidi, na apelekwe kwa daktari wa macho, Mvumi au Dodoma mjini, akiwa na maelezo ya mama yake yaliyoandikwa kwenye kadi: tangu lini, jioni anajikwaa wapi, juani anafumba macho au hafumbi, na nani mwingine katika ukoo alikuwa akishikwa mkono usiku.